Shajara ya ukoo: mama yake Babu ni nani, maana makaratasi yanapingana

29 Desemba 2023: tatizo lenyewe

Naweka hii shajara ili ndugu wafuatilie bila kila mtu kunipigia simu, na kama kuna mtu kwao kuna ishu ya namna hii achukue njia ajaribu. Majina nimeyatoa kwa sababu watu wako hai na wengine hawapendi kuandikwa. Baba yake babu yangu nitamwita Babu Mkuu. Mwanae, yaani babu yangu mimi, ni Babu tu. Halafu kuna wanawake wawili, kama kweli ni wawili: Bibi A (herufi ya jina la ubatizo) na Bibi M (herufi ya jina la nyumbani, la Kichaga). Parokia nayo siitaji, ni moja ya zile misheni za zamani za mlima Kilimanjaro zilizotokana na mapadri wa Roho Mtakatifu, wale waliofungua Kilema 1890 na Kibosho 1893.

Swali ni moja tu, mama mzazi wa Babu ni nani. Vilivyopo mezani hadi leo:

Wasifu uliosomwa kwenye mazishi ya Babu mwaka 1987, umepigwa taipu kurasa mbili, unasema ni mtoto wa kwanza wa Babu Mkuu na Bibi A. Cheti chake cha ndoa cha 1941 nacho kinasema wazazi ni Babu Mkuu na Bibi A. Kaburini kwenye kihamba cha chini (kihamba ni shamba la ukoo linalozunguka nyumba) kuna msalaba wa Bibi A, amefariki 1961, na wajukuu wote tumekua tukiambiwa hapo ndipo kaburi la bibi. Halafu ndani ya bahasha ya mambo ya mafao ya Babu kuna nakala ya cheti cha ubatizo, imetolewa miaka ya sabini alipotakiwa kuthibitisha umri, na hicho kinasema mama ni Bibi M. Jina ambalo hakuna mtu mezani aliyejua ni la nani.

Viwili na msalaba upande mmoja, kimoja upande wa pili. Kwa kupiga kura A kashinda. Ila mambo ya ukoo hayaamuliwi kwa kura, karatasi kumi zinaweza kuwa zimenakiliwa toka karatasi moja.

Gharama hadi sasa: fotokopi na bando tu.

21 Januari 2024: nadharia ya mtu mmoja majina mawili

Kila ukimwambia mtu anakujibu hivyohivyo, huyo ni mtu mmoja bwana, M ni jina la nyumbani na A ni jina alilopewa kwenye ubatizo. Binamu yangu aliyeanzisha mti wa ukoo kwenye Gramps alishawaunganisha kabisa wakawa mtu mmoja mwenye majina mawili na akaendelea na safari. (Gramps ni programu ya bure, inafanya kazi hata bila intaneti, kwa sisi wa bando la kuungaunga inafaa kuliko kulipia tovuti kila mwezi.)

Na mara nyingi kweli jibu huwa ndio hilo. Lakini nadharia hii ina uzuri mmoja, inapimika. Mtu mzima akibatizwa daftari la zamani linaandika jina lake la nyumbani, majina ya wazazi wake na umri wa kukisia. Kwa hiyo badala ya kubishana kwenye grupu, tafuta ubatizo wa Bibi A uone jina la nyumbani ni lipi. Likiwa M kesi imeisha. Likiwa lingine, basi nyumba ilikuwa na wanawake wawili.

Njia nilizojaribu kwanza zikagonga ukuta haraka: kadi ya uanachama wa KNCU ya Babu Mkuu (ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro, ulianza 1933) ina jina lake na kahawa yake, mke hayupo. Usajili wa serikali wa vizazi kipindi cha Mwingereza haukumlazimisha Mwafrika, kwa hiyo kwa watu wa umri huu usipoteze muda huko, nenda parokiani moja kwa moja.

9 Machi 2024: ofisi ya parokia

Kabla hujaenda chukua barua ya utambulisho ya jumuiya yako na ya parokia unakosali sasa. Mi nilienda nayo na bado ilibidi nisubiri paroko arudi toka kigangoni, lakini alipoiona akafungua kabati bila maswali mengi. Usiende ukidai, yale madaftari sio mali ya umma, na karani wa ofisi ana foleni ya watu wanaotaka vyeti vya ndoa za wiki ijayo.

Kilichokwama kwanza ni picha. Wino wa zamani umepauka ukawa kahawia kama chai na karatasi nayo ni kahawia, ukipiga na mwanga wa simu unapata doa jeupe katikati na pembeni giza. Kilichofanya kazi: zima flashi, sogeza daftari dirishani mwanga uje kwa ubavu, piga ukurasa mzima kwanza ndipo upige mstari mmojammoja, halafu nyumbani kwenye kuhariri picha ondoa rangi na upandishe kontrasti. Na piga jalada na ukurasa wa kwanza wa kila daftari, maana ukirudi Dar na picha mia hukumbuki ipi imetoka wapi.

Cha pili ni majina. Mapadri wengi walikuwa watu wa Ufaransa na Alsace, wanaandika Kichaga walivyokisikia kwa sikio lao, u inakuwa ou, sh inakuwa ch, na jina moja la ukoo nimelikuta kwa tahajia tatu ndani ya daftari moja. Ukitafuta kwa jina utatoka bure. Tafuta kwa namba. Tangu 1908 ilipoanza kutumika amri ya Kanisa iitwayo Ne Temere, mtu akifunga ndoa inaandikwa pia pembeni mwa mstari wake wa ubatizo, kwa hiyo ndoa inakurudisha kwenye ubatizo na ubatizo unakupeleka kwenye ndoa. Mi nilianza na daftari la ndoa, nikatafuta Babu Mkuu, nikamkuta 1924, na mbele ya jina la mke kuna namba. Nikaifuata namba kwenye daftari la ubatizo.

Bibi A, amebatizwa 1924, wiki hiyohiyo ya ndoa. Umri wa kukisia miaka 20. Jina la nyumbani sio M wala halifanani na M hata ukilisoma umefumba jicho moja. Baba yake ni mtu wa ukoo wa ng'ambo ya mto.

Kwa hiyo nadharia ya mtu mmoja imekufa. Kwenye Gramps tumewatenganisha, ambayo ni kazi mbaya kweli, kuunganisha watu ni kubonyeza mara moja ila kuwatenganisha unahamisha kila tukio na kila chanzo kwa mkono. Kabla ya kuunganisha watu wawili tunza nakala ya faili pembeni.

Kuna kitu kingine hapo. Kama A alikuwa na miaka 20 mwaka 1924 na Babu kwenye ubatizo wake wa 1926 kaandikwa ana kama miaka 10, basi A angemzaa akiwa na miaka 12. Nilitaka nifunge kesi hapo, ila nikaangalia kundi zima la wanawake waliobatizwa siku ile, wote ni 20, 25 au 30, hakuna 22 wala 27. Padri alikuwa anakadiria kwa macho tu. Kwa hiyo umri unaashiria, haushindi kesi.

Gharama: basi Dar hadi Moshi kwenda na kurudi elfu 90, boda kupanda na kushuka elfu 12 (masika yameanza, bei inapanda na utelezi), sadaka parokiani elfu 30.

1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka: nadharia ya mafua

Baba mdogo mmoja akaja na maelezo mapya: M alikuwa mke wa kwanza, akafa kwenye ile homa ya mafua ya 1918 iliyoua watu dunia nzima na huku nako ikapita baada ya vita, Babu Mkuu akabaki mjane na mtoto, ndipo akaoa A kanisani. Inaeleweka, inatia huruma, haimwaibishi mtu. Nusu ya grupu wakaikubali palepale.

Tatizo ni mstari wa ndoa wa 1924. Daftari lile kwa mwanaume aliyefiwa na mke linaandika kwamba ni mjane, nimekuta mifano mingi kurasa za jirani. Kwa Babu Mkuu halijaandika hivyo. Pembeni kuna mistari miwili ya Kilatini ya mwandiko mdogo ambayo sikuielewa, ila neno la mjane halimo.

Nikaenda kwa Bibi Mdogo, kitindamimba wa Bibi A, kazaliwa 1935, ndiye pekee aliyebaki wa kizazi kile na akili yake inakata kuliko yangu. Baada ya shikamoo na habari za watoto na mtori nikamuuliza polepole kuhusu M. Akaniangalia.

"Sisi mama yetu mmoja. Nani kakutuma?"

Nikasema bibi hakuna aliyenituma, naandika tu historia. Akaagiza niletewe chai nyingine na tukaongea habari za bei ya kahawa mpaka jioni. Hiyo ndio ilikuwa mahojiano.

Kwa anayefuata njia hii: nilimwendea na swali kabla ya kumwendea na habari. Mtu mzima wa kwetu ukimuuliza jambo alilofundishwa kulificha anakusikia kama mpelelezi. Bora ungojee mpaka una kitu cha kumwambia.

15 Juni 2024: mistari miwili ya Kilatini

Padri mstaafu mmoja akakubali kuniangalizia picha. Alizisoma kama mtu anayesoma risiti ya duka, akacheka kidogo, akasema hii sio siri, walikuwa wanaandika hivi kila wiki.

Maelezo yake kwa kifupi. Mwanaume mwenye wake wawili au zaidi akitaka ubatizo alitakiwa kubaki na mmoja. Kwa kawaida anayehesabika ni mke wa kwanza. Lakini kulikuwa na kanuni za Kipapa za karne ya 16, za Paulo III mwaka 1537, Pius V mwaka 1571 na Gregori XIII mwaka 1585, zilizotolewa kwa ajili ya nchi za misheni za enzi zile, na Sheria za Kanisa za 1917, kanuni namba 1125, zikazieneza kwingine kwenye hali kama hiyo. Ile ya Pius V inaruhusu mwanaume abaki na yule mke atakayebatizwa pamoja naye hata kama sio wa kwanza. Mistari ile miwili inasema ndoa imefungwa kwa kanuni hizo, na kwamba mke wa awali hakuulizwa rasmi kama naye anataka ubatizo.

Soma tena hapo. Mke wa awali. Hausemi marehemu.

Kwa hiyo 1924 M alikuwepo, ni mke wa kimila aliyetolewa mahari kabla ya A, na siku ya ndoa ya kanisani akawa sio mke tena kwenye vitabu. Mafua ya 1918 hayakumuua mtu hapa.

Siku hiyohiyo nilirudia sanduku la bati la nyumbani nililokuwa nimelipitia juujuu mwezi wa kumi na mbili. Chini kabisa kuna risiti za kodi ya kibanda za miaka ya ishirini, zimekunjwa ndani ya kitambaa. Kodi ile ilihesabiwa kwa kibanda, mwenye wake wawili kila mmoja na nyumba yake analipia viwili. Mwaka 1928 zipo mbili, zote jina la Babu Mkuu. Miaka minne baada ya ndoa ya kanisani bado analipia nyumba ya pili. Peke yake risiti haisemi nani anakaa humo, inaweza kuwa mama yake mzazi, ila ukiiweka karibu na ile mistari ya Kilatini inaanza kuongea.

Gharama: nauli tena, na chupa moja ya waini ya Dodoma kwa padri maana alikataa hela.

10 Agosti 2024: watoto wote, sio mmoja

Sawa, wake wawili. Lakini swali la mwanzo bado halijajibiwa, Babu ni wa nani kati yao? Cheti cha ndoa na wasifu bado vinasema A. Hapa ndipo kazi ilipokuwa nzito na ndipo nawaomba msome taratibu.

Nilichofanya ni kuacha kumwangalia Babu peke yake nikatafuta ubatizo wa ndugu zake wote. Wako sita pamoja naye. Babu na dada yake anayemfuata wamebatizwa wakiwa wakubwa kidogo, wanafunzi wa shule ya misheni, 1926 na 1929, na wote wawili mama ni M, ameandikwa hajabatizwa. Wanne waliobaki wamebatizwa wachanga kati ya 1925 na 1935, mama ni A. Mwandiko wa mwaka 1925 (mtoto wa kwanza wa A) na wa mwaka 1926 (Babu) ni wa mtu mmoja. Yaani padri yuleyule ndani ya miezi michache kaandika watoto wa baba mmoja kwa mama wawili tofauti, na aliijua ile nyumba vizuri kwa sababu ndiye aliyeifungisha ndoa. Angetaka kurahisisha angeandika A kote. Hakuandika.

Sasa kwa nini 1941 daftari la ndoa linasema A? Karani wa parokia akanionyesha kitu ambacho sikukijua, kitabu cha familia, kile kinachoorodhesha kaya kwa kaya nani amebatizwa, nani amepata kipaimara, nani anakomunika. Kaya ya Babu Mkuu: mume, mke A, watoto sita mfululizo. M hayumo kwa sababu sio muumini na sio mke. Ndoa ya Babu wameijaza kutoka humo, namba ya ukurasa wa kaya imeandikwa kabisa pembeni. Na wasifu wa 1987? Baba mdogo aliyeuandika yupo, nikampigia, akasema alikuwa na haraka ya mazishi akachukua cheti cha ndoa cha marehemu akanakili.

Kwa hiyo ule upande wenye vyanzo viwili una chanzo kimoja, na chanzo chenyewe kiliandikwa kujibu swali lingine. Kitabu cha familia kilikuwa kinauliza nani ni mke halali wa kaya hii mbele ya Kanisa, kikajibu sawasawa. Hakikuulizwa nani alimzaa nani. Daftari la ubatizo ndilo lililoulizwa hilo. Na msalaba wa kaburini haujawahi kusema kwamba Babu ni mwanae, sisi ndio tuliusomea hivyo.

Halafu kuna hili la ndoa ya Babu lenyewe. Bibi yangu, mke wa Babu, alikuwa mtoto wa kaka yake Bibi A. Hilo linajulikana na halina ubishi, A ndiye aliyemchumbia kijana wa nyumba yake binti wa nyumba ya kwao. Kama A ni mama mzazi, basi Babu ameoa binti wa mjomba wake. Kwetu hilo halikubaliki, wazee watatu nimewauliza wote wameshtuka. Na kwa sheria za Kanisa za wakati ule undugu wa pembeni hadi daraja la tatu ulikuwa kizuizi, binamu wa kwanza ni daraja la pili, kwa hiyo ingehitajika ruhusa na ingeandikwa. Kwenye mstari wa Babu hakuna ruhusa. Mtu anaweza kusema labda padri alisahau, ndio maana nikapitia daftari lile mbele na nyuma, nikakuta ruhusa za namna hiyo zimeandikwa vizuri na daraja lake, kwa hiyo huyu padri alikuwa anaziandika zikiwepo. Kama A ni mama wa kambo hakuna undugu wa damu, hakuna kizuizi, na kila kitu kinakaa.

Cha mwisho kilikuwa jikoni kwetu siku zote. Kwa desturi ya kwetu mtoto wa kwanza wa kike anapewa jina la bibi mzaa baba. Nikamuuliza shangazi mkubwa, mzaliwa wa 1942, mwenye miaka 82, jina lake la nyumbani. Sote tunamwita kwa jina la ubatizo au mama fulani. Akasema M. Akalitaja tu kama mtu anayetaja namba ya nyumba, halafu akaniuliza, "kwani we ulikuwa hujui?" Shangazi, alikuambia ni jina la nani? "Baba alisema ni la mama." Na Bibi A wakati huo yuko hai, anakaa kihamba cha chini, ndiye aliyempokea huyo mtoto.

11 Agosti 2024: Bibi Mdogo tena

Nilikwenda na picha za daftari na maelezo ya padri mstaafu. Sikuuliza. Nilimsomea tu, nikamwambia padri amesema ilikuwa kawaida, waliandika hivyo kila wiki.

Akanyamaza, akaomba miwani akaangalia ile picha ambayo hawezi kuisoma, halafu akasema, "Huyo ni Mama wa Juu." Kihamba cha juu, kile tunachokiita cha juu mpaka leo, ndio ilikuwa nyumba ya M. Watoto walikuwa wanatumwa kumpelekea ndizi na maziwa, Jumapili wakitoka misa walikatazwa kupitia kule na katekista, wakawa wanapita Jumatatu. Dada yao mkubwa alipoolewa Rombo akamchukua. "Mama yangu ndiye aliyesema tusimtaje, sio kwa ubaya, alikuwa anaogopa atanyimwa komunyo."

Sijabadilisha neno hapo. Nimemrekodi kwa ruhusa yake, faili ya sauti iko kwa watu wawili, haitazunguka WhatsApp, tafadhalini.

Kuhusu DNA, kwa sababu grupu mmeuliza sana. Tumeliangalia tukaliacha. Kwa kawaida shangazi na mpwa kamili wanachangia wastani wa sentimogani 1,740 hivi (ndio kipimo cha kiasi cha DNA ambacho watu wawili wanachangia), shangazi wa kambo wa baba mmoja nusu yake, kwa hiyo ukimpima Bibi Mdogo na shangazi mkubwa ungetegemea jibu safi. Ila bibi yangu naye ni binamu yake Bibi Mdogo, kwa hiyo shangazi ana undugu naye upande wa mama pia na namba zinapanda juu, unaanza kubishana na hesabu. Safi zaidi ni kipimo cha ukoo wa mama peke yake, mtoto wa dada yake Babu kule Rombo na Bibi Mdogo. Kit moja ni karibu dola mia au zaidi na usafirishaji juu yake, tena nchini kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009 chini ya Mkemia Mkuu, sio kitu cha kutupia tu mate kwenye bahasha ukatuma nje. Na Bibi Mdogo amesema mate yake hatoi. Imeisha hiyo.

28 Septemba 2024: Rombo

Kama dada alimchukua M, basi M alifia kule, na kama alifia kule kuna uwezekano katekista alimbatiza kitandani. Waliokuwa wanakufa walibatizwa na yeyote aliyekuwepo, padri anaandika baadaye. Nikapata barua ya kunitambulisha kwa parokia ya kule, paroko mkarimu sana, madaftari yamehifadhiwa vizuri kuliko ya kwetu.

Nilitafuta jina la dada, sio la M. Kwanza nikapata watoto wake, nikajua kijiji na kigango, halafu nikasoma ubatizo wa hatari ya kufa wa kigango kile mwaka kwa mwaka kuanzia 1938. Mwaka 1947 yumo. Jina jipya la ubatizo ambalo hakuna mtu duniani aliyewahi kumwita, jina la nyumbani M, mama wa fulani (dada yake Babu, jina kamili), mzaliwa wa upande wetu, na kijiji kimeandikwa. Amefariki siku mbili baadaye.

Wajukuu wa Rombo walinionyesha sehemu. Hakuna msalaba, kuna masale (mmea wa kuwekea alama) yaliyopandwa mstari, yameshakuwa marefu. Wao hawakuwa na fumbo lolote, wanajua kila kitu miaka yote, walikuwa wanashangaa tu kwa nini watu wa kwa mjomba hawaji.

Kilichobaki wazi: baba yake M ni wa ukoo gani. Mstari wa 1947 kwenye nafasi ya wazazi umeandikwa wapagani, basi. Wajukuu wanataja koo mbili tofauti. Hiyo ni kazi nyingine.

Gharama: nauli Moshi hadi Rombo na boda elfu 25, sadaka elfu 20, sukari na sabuni kwa wenyeji elfu 35.

27 Desemba 2024: kikao cha ukoo

Mti umerekebishwa. Babu Mkuu ana familia mbili kwenye Gramps: na M, ndoa ya kimila, watoto wawili, na A, ndoa ya kanisani 1924, watoto wanne. Cheti cha 1941 na wasifu sijavifuta, vimebaki vimeambatishwa kwa Babu vikiwa na kiwango cha chini cha uhakika na maelezo vimetoka wapi, maana mtu atakayevikuta baada ya miaka 30 lazima aone tuliviona. A amewekwa kama mama mlezi, Bibi Mdogo alilisimamia hilo mwenyewe, akasema msije mkamfuta na mama yangu sasa.

Jumla niliyotumia mfukoni mwangu mwaka mzima ni kama laki 5 na nusu, karibu yote nauli. Mngeniambia jina la nyumbani la shangazi mapema ingekuwa pungufu.

Kikao kimekubali watu wa Rombo waalikwe Krismasi ijayo. Ambacho hakijakubaliwa ni jiwe. Kuna wanaotaka jina la M liongezwe kwenye marumaru ya kihamba cha chini, kuna wanaosema hakuzikwa pale mtadanganya tena watu, awekewe la kwake Rombo. Fundi wa Moshi katoa bei ya laki 4 kwa jiwe jipya na elfu 60 kwa kuongeza mstari kwenye la zamani. Baba mdogo aliyeandika wasifu amesema atalipia jiwe jipya nusu, nusu nyingine inachangishwa, namba ya mweka hazina ni ileile.